Panya walioamka mapema: maranda ya mbao yalivyoingia kwenye sayansi, na kitanda cha nyoka

Fundi seremala yeyote anayajua maranda. Ni yale mabaki mepesi, yaliyojikunja, yanayoanguka chini randa inapopita juu ya ubao. Huku kwetu yana kazi chache: kuwashia moto, kufungia vyombo visivunjike safarini, na zaidi ya yote kutandazwa kwenye banda la vifaranga. Marekani na Ulaya maranda hayohayo yanapakiwa kwenye mifuko ya plastiki, yanaandikwa jina la mti yalikotoka, na kuuzwa dukani kwa watu wanaofuga nyoka sebuleni. Ndiyo, nyoka, tena kwa kupenda. Bibi yangu mzaa mama hajaamini mpaka leo.

Sasa, hapo kwenye jina la mti ndipo penye mambo. Mfugaji wa nyoka mwenye uzoefu atakwambia papo hapo: maranda ya aspeni ni sawa, ya mwerezi ni marufuku, na ya msonobari (huu ambao mafundi wetu wanauita paina) hapo wataanza kubishana. Sheria hiyo inapokezanwa kama kanuni ya dini. Ukiamua kufuatilia ilikotoka, unategemea kukuta nyoka waliougua na daktari wa mifugo aliyewapasua kuona kilichowaua. Unachokuta ni panya wa maabara waliodungwa dawa ya usingizi, wakaamka kabla ya wakati wao.

Mwerezi ambao si mwerezi

Kwanza tuweke sawa suala la majina, maana bila hilo tutapotea njiani. Mwerezi wa kwenye Biblia, ule wa Lebanoni uliojengea hekalu, ni mti wa jenasi *Cedrus*. Wamarekani wanapotaja mwerezi mwekundu kwenye mfuko wa maranda, mara nyingi wanamaanisha mti mwingine kabisa, *Juniperus virginiana*, ambao ni mreteni. Na huko pwani ya magharibi, kuanzia Oregon hadi British Columbia nchini Kanada, kuna mwerezi mwekundu mwingine tena, *Thuja plicata*. Miti mitatu, jina moja. Wakoloni wa Kizungu walipofika Amerika ya Kaskazini walinusa mbao nyekundu zenye harufu nzuri, wakazipa jina walilolijua.

Harufu hiyo si pambo. Moyo wa mti wa *Juniperus virginiana*, ile sehemu nyekundu ya katikati, umejaa mafuta yanayofuka hewani polepole: sedrini, thujopsini, sedroli na mengine. Mti umeyaweka pale kujilinda. Kuvu hawaupendi, na wadudu vilevile hawaupendi. Watu waligundua hilo zamani, wakawa wanatengeneza masanduku ya nguo kwa mbao zake ili nondo wasitoboe sufi. Halafu ikaja penseli. Mbao za mti huu hukatika kwa ulaini kila upande bila kupasuka ovyo, kwa hiyo ukiichonga penseli kwa kisu haikuharibikii. Karne ya 19 penseli nzuri ya Marekani na Ulaya ilikuwa ni mreteni huu, na ulikatwa bila huruma kiasi kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 wanunuzi walikuwa wanazunguka Tennessee kununua nguzo za ua na mbao za mabanda makuukuu ili wapate malighafi.

Mti ulipoadimika, macho ya viwanda yaligeukia kwingine. California ilitoa mti wake, na sisi huku Afrika Mashariki tukatoa wa kwetu. Mtarakwa, *Juniperus procera*, unaoota kwenye nyanda za juu za Kenya, Usambara Magharibi, Meru na Kilimanjaro, kwa Kiingereza hadi leo unaitwa mwerezi wa penseli wa Afrika. Vipande vyake vilisafirishwa kwenda Ulaya kutengenezea penseli, na mafuta yake yalikamuliwa na kuuzwa kama mafuta ya mwerezi. Waliokulia sehemu hizo wanaujua kwa sababu nyingine: nguzo ya mtarakwa ikichimbiwa ardhini, mchwa wanaipita mbali. Tukumbuke hilo, tutarudi kwake.

Basi fikiria kiwanda kinachopasua mbao za namna hii kutwa nzima. Kinabaki na mlima wa maranda yanayonukia, ambayo hayanuki uvundo, yanafukuza viroboto na utitiri, na bei yake ni karibu na bure. Yakawa matandiko ya mbwa, na kwenye maabara yakawa matandiko ya panya. Mkojo wa panya unanuka vibaya sana. Ukiwa na chumba chenye panya mia kadhaa, kitu chochote kinachofunika ile harufu kinapokelewa kwa mikono miwili.

Usingizi uliokatika

Miaka ya 1960 wanasayansi wa dawa walikuwa na kipimo kimoja rahisi mno cha kujua ini la mnyama linafanyaje kazi. Unamdunga panya heksobabitali, dawa ya usingizi. Analala. Unamlaza chali, unawasha saa, unasubiri. Akijigeuza mwenyewe na kusimama kwa miguu yake, unasimamisha saa. Dawa hiyo huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya ini, kwa hiyo muda wa usingizi unakuambia kasi ya vimeng'enya. Usingizi mfupi, ini lina kasi. Usingizi mrefu, ini linasuasua. Hakuna mashine ya mamilioni hapo.

Shida ni kwamba majibu yalikuwa hayatulii. Panya wa ukoo uleule, dozi ileile, lakini muda wa usingizi ulibadilika kwa namna isiyoelezeka. Mwaka 1966 mtafiti H. C. Ferguson alichapisha taarifa fupi kwamba panya waliokaa juu ya vipande vya mwerezi mwekundu walilala muda mfupi zaidi, kwa heksobabitali na kwa pentobabitali pia. Mwaka uliofuata Elliot Vesell, aliyekuwa anafanya kazi kwenye taasisi za taifa za afya za Marekani huko Bethesda, Maryland, alichapisha kwenye jarida la *Science* makala ambayo naona kila mtu anayefanya kazi na wanyama wa maabara angepaswa kuisoma. Alionyesha kwamba matandiko ya mwerezi mwekundu, msonobari mweupe na msonobari wa ponderosa yaliongeza kasi ya vimeng'enya vitatu vya ini vinavyovunja dawa, kwa panya wakubwa na kwa panya wadogo. Waliowekwa juu ya mchanganyiko wa biichi, betula na mepo, yaani mbao za miti yenye majani mapana, hawakuonyesha badiliko hilo.

Tulia kidogo hapo. Hakuna aliyewadunga panya hao kitu kingine. Hakuna aliyewalisha kitu kigeni. Walikuwa wamelala tu, wakivuta hewa ya matandiko yao, wakijilamba manyoya, pengine wakitafuna vipande viwili vitatu. Matandiko yenyewe yalikuwa dawa.

Jinsi inavyofanyika ni hivi. Ini lina kundi la vimeng'enya, familia ya saitokromu P450, ambavyo kazi yake kubwa ni kushughulika na kemikali ngeni: kuzibadilisha ili ziweze kutoka na mkojo au nyongo. Kemikali ngeni zikizidi, ini linatengeneza vimeng'enya zaidi. Ni kama halmashauri iliyoona taka zimezidi mtaani, ikaajiri wazoa taka wapya. Tatizo ni kwamba wazoa taka hao hawachagui sana. Wakishakuwepo wengi, watabeba na kile ulichokiweka nje kwa muda tu. Mafuta ya mwerezi yanaajiri vimeng'enya. Heksobabitali inapoingia inakuta jeshi limeshajipanga, inazolewa haraka, panya anaamka.

Niseme wazi kitu ambacho watu wengi huchanganya: ini kuongeza vimeng'enya siyo lenyewe ugonjwa. Mwili unajibu, ndiyo kazi yake. Lakini ni ushahidi kwamba kitu kimeingia mwilini kwa kiasi cha kutosha kulisumbua ini, na kwa mtu anayepima dawa ni balaa. Maabara moja inatumia mwerezi, nyingine inatumia biichi. Zote zinapima dawa ileile na kupata majibu tofauti, kisha watu wazima wenye shahada wanagombana kwenye majarida kwa sababu ya maranda.

Panya wa Bethesda, panya wa Adelaide

Ugomvi mkubwa zaidi ulikuja na saratani. Kulikuwa na koo za panya zilizozalishwa kwa ndugu na ndugu, C3H-Avy na jamaa zake, ambazo Marekani zilijulikana kwa jambo moja la kusikitisha: karibu wote walipata uvimbe, wa matiti au wa ini. Kwa watafiti hiyo ilikuwa hazina, maana unaweza kujaribu tiba na kuona kama uvimbe unapungua. Kila mtu alichukulia kwamba saratani hiyo imeandikwa kwenye jeni zao, na kwamba mazingira hayana neno.

Halafu panya hao wakapelekwa Australia. Mwaka 1973 J. R. Sabine wa Adelaide na wenzake walichapisha matokeo yao kwenye jarida la taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani: Australia uvimbe ulikuwa mchache sana. Panya walewale, jeni zilezile. Walipoagiza maranda ya mwerezi na chakula kutoka Marekani na kuwapa panya hukohuko Australia, uvimbe ukapanda tena. Sabine aliunyooshea kidole mwerezi, na mwaka 1975 akaandika makala nyingine akiueleza mreteni mwekundu kama kitu kinachochochea vimeng'enya, kinachoua wadudu, na kinachosaidia saratani kuota.

Ukisoma mpaka hapo unataka kufunga jalada. Lakini mwaka huohuo wa 1975 Walter Heston, mmoja wa wakongwe wa jenetiki ya saratani kule Bethesda, naye alichapisha majaribio yake. Aliwaweka panya wa koo hizohizo kwenye mwerezi na kwenye matandiko mengine, akabadilisha na chakula, na hakuona kwamba mwerezi ndio unaoleta uvimbe. Kwa maoni yake tofauti ya Australia ilitokana na hali nyingine za malezi ya wale panya.

Mimi nikiwasoma wote wawili, naona Heston alikuwa na hoja nzito kuliko anavyokumbukwa. Panya anayekula kidogo hupata uvimbe mchache, hilo limeonyeshwa mara nyingi, na panya aliyejaa utitiri hali vizuri. Ukileta mwerezi unaofukuza utitiri, umebadilisha mambo mawili kwa mpigo: umeleta kemikali na umeondoa wadudu. Nani kati yao aliyeongeza uvimbe? Jaribio la Sabine halikuwatenganisha. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kwa uhakika kwamba maranda ya mwerezi yanaleta saratani, ujue amebeba nusu ya mjadala wa miaka ya 1970 na kuiacha nusu nyingine.

Hata hivyo, uamuzi wa kiutendaji haukungoja mjadala uishe, na nadhani ulikuwa uamuzi sahihi. Mwongozo mkuu wa Marekani wa kutunza wanyama wa maabara, ambao chapa yake ya kwanza ilitoka 1963 na ya nane 2011, unasema maranda ya mwerezi hayashauriwi, na kwamba mbao laini za misonobari zisizopitishwa kwenye joto hazifai kwa baadhi ya majaribio. Unataja pia kwamba kuzipasha joto hupunguza kemikali hizo. Maabara nyingi zikahamia biichi, betula, mepo na aspeni. Wauzaji wa matandiko wakafuata soko, na kutoka hapo mfuko wa aspeni ukafika kwenye duka la wanyama wa nyumbani. Wafugaji wa panya na sungura ndio walioanza kupiga kelele kuhusu mwerezi, wafugaji wa nyoka wakapokea.

Upande wa binadamu kulikuwa na onyo lake. Kwenye viwanda vya mbao vya British Columbia wafanyakazi walikuwa wanapata pumu kutokana na vumbi la *Thuja plicata*. Moira Chan-Yeung na wenzake wa Vancouver walichunguza tatizo hilo miaka ya 1970, na mhusika akajulikana: asidi ya plikati, iliyomo kwenye mti huo. Wengine pumu iliendelea kuwasumbua hata baada ya kuacha kazi. Kwa hiyo ule mwerezi mwingine, usio na sedrini nyingi, una kosa lake tofauti. Majina ya miti yanachanganya, lakini mapafu hayasomi majina.

Na nyoka je?

Ushahidi mwingi niliousimulia ni wa panya. Nyoka si panya: damu yake haijitengenezei joto, mwili wake unasaga mambo taratibu, na ini lake halijapimwa kwa saa ya heksobabitali kama la panya. Lakini kuna mambo kuhusu mwili wa nyoka yanayofanya tahadhari iwe ya maana zaidi.

La kwanza ni mahali anapoishi. Panya ana miguu. Tumbo lake limeinuka kidogo kutoka sakafuni. Nyoka ni tumbo mwanzo hadi mwisho. Analala juu ya maranda, anajifukia ndani yake, anavuta hewa iliyo katikati yake. La pili ni pafu. Nyoka wengi wana pafu moja tu linalofanya kazi ya maana, la kulia, refu na jembamba, na la kushoto limesinyaa au halipo kabisa. Hawana kiwambo cha kuwasaidia kukohoa kama sisi, hivyo makohozi yakikusanyika ndani ni kazi kuyatoa, na maradhi ya njia ya hewa ni kati ya yale yanayowasumbua sana nyoka wa kufugwa. La tatu ni ulimi. Ule ulimi unaotoka na kurudi kila mara unaokota chembe za kemikali kutoka hewani na sakafuni na kuzipeleka kwenye ogani ya Jacobson, juu ya kaakaa. Nyoka huisoma dunia hivyo. Ukimjazia sanduku harufu kali, ni kama kumwashia mtu spika masikioni usiku na mchana.

Kisha kuna joto. Sanduku la nyoka hupashwa moto upande mmoja, mara nyingi nyuzi joto 30 hivi au zaidi kidogo, na limefungwa ili asitoroke. Mafuta yanayofuka hufuka zaidi penye joto, na penye hewa kidogo hubaki humohumo.

Kuna ushahidi mmoja wa moja kwa moja ninaoupenda, na ulitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa anawajali nyoka wafugwe vizuri. Kisiwa cha Guam, katika Pasifiki, kilivamiwa na nyoka wa mitini wa kahawia, *Boiga irregularis*, aliyefika baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, bila shaka akiwa amejificha kwenye mizigo. Alikula ndege wa msituni wa asili wa kisiwa hicho mpaka wengi wakatoweka. Hofu kubwa ikawa asisafiri tena kwa mizigo kwenda Hawaii. Watafiti Larry Clark na John Shivik walitafuta kitu cha kupulizia ili kumtoa nyoka alipojificha. Mwaka 2002 walichapisha majibu: mafuta ya mwerezi, mdalasini, sage, beri za mreteni, lavenda na rosmari, yakipulizwa kwa sekunde mbili tu, yaliwafanya nyoka wajitupe huku na huku kwa nguvu bila mwelekeo. Hayo ni mafuta yaliyokolezwa na kupulizwa, siyo maranda, na nisingependa mtu anukuu jaribio hilo kana kwamba linatoa kipimo cha maranda. Lakini linaonyesha upande ambao nyoka anauchukia, na ukiangalia orodha utaona mwerezi na mreteni wote wamo.

Hapa mfugaji mjanja huuliza swali zuri. Nyoka wa mahindi, *Pantherophis guttatus*, ambaye ni kati ya nyoka wanaofugwa zaidi duniani, kwao ni kusini-mashariki mwa Marekani, na huko misitu ya misonobari ndiyo makazi yake. Amezaliwa kwenye paina, anakula kwenye paina. Kwa nini maranda ya paina yamdhuru?

Jibu la kwanza ni kwamba msituni kuna upepo, na nyoka asipopenda mahali anaondoka. Ubao uliokatwa juzi na kurandwa unaachia kemikali kwenye uso mpana mno kuliko gogo lenye gome lake. Jibu la pili limo kwenye misitu hiyohiyo. Kuna kigong'ota mmoja mdogo wa huko, *Picoides borealis*, ambaye tofauti na wenzake hutoboa kiota kwenye msonobari ulio hai. Akishamaliza anadonoa vishimo kuzunguka mlango ili utomvu uchuruzike, na anaendelea kuvidonoa kila siku utomvu usikauke. Jerome Jackson aliandika mwaka 1974 jinsi hilo linavyohusiana na nyoka wapanda miti, ndugu wa karibu wa nyoka wa mahindi, na mwaka 1990 Rudolph na wenzake walijaribu kwa nyoka hai wakaonyesha kwamba kizuizi hicho kinafanya kazi kweli. Kwa sehemu kubwa ni kunata: utomvu ukishika magamba ya tumbo, nyoka hawezi tena kushikilia gome. Kwa hiyo nyoka anaishi kati ya misonobari, sawa, lakini damu ya msonobari yenyewe anaikwepa, na ndege ameijengea maisha yake juu ya ukweli huo.

Kuhusu paina basi, msimamo wangu uko hivi. Mbichi au yenye utomvu, hapana. Iliyokaushwa kwenye tanuri imepoteza sehemu kubwa ya mafuta yanayofuka, na wafugaji wengi wanaitumia bila kuona tatizo. Lakini asidi za utomvu, kama asidi ya abieti, hazifuki kirahisi. Zinabaki ndani ya ubao na kwenye vumbi lake. Ikiwa aspeni ipo dukani kwa bei inayokaribiana, sioni sababu ya kubahatisha.

Pia usije ukadhani sheria ni kwamba kila mti wa jamii ya misonobari ni mbaya. Wafugaji wa chatu-mpira, yule chatu mdogo wa Ghana, Togo na Benin anayesafirishwa kwa wingi kwenda Marekani, hutumia sana matandiko ya saiprasi wa mabwawani na magome ya fa, miti ambayo kibotania ni ya kundi hilohilo. Sababu ni unyevu. Chatu-mpira anahitaji hewa yenye unyevunyevu ili ajivue gamba vizuri, na maranda ya aspeni yakilowa huota ukungu siku chache tu. Aspeni ni ya nyoka wa sehemu kavu. Wengine hutumia makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, mengi yakitoka Sri Lanka na India. Mtu wa Pwani akisikia bei ya mfuko mmoja wa makumbi huko Ulaya atataka kuhama biashara.

Na ile sababu kubwa iliyoleta mwerezi maabara, yaani harufu ya mkojo, kwa nyoka haina uzito. Nyoka hatoi mkojo wa majimaji kama panya. Taka ya nitrojeni hutoka kama uji mweupe wa asidi ya yuriki, na hutoka mara chache kwa sababu anakula mara chache. Ukiokota uchafu unapouona na kubadilisha matandiko kwa wakati, hakuna harufu ya kufunikwa.

Kwa msomaji wa huku nyumbani, nyoka wa sebuleni si jambo la kila siku, na kumweka mnyamapori bila kibali ni kosa la jinai Kenya na Tanzania. Maswali ya maranda hata hivyo yapo, kwa wenye bustani za nyoka, wenye panya wa maabara vyuoni, na wenye vifaranga. Kwa vifaranga usiogope paina: ndiyo inayotumika kwa wingi kwenye mabanda ya kuku hata Marekani, na banda zuri lina hewa inayopita. Kwa sanduku lililofungwa hali ni tofauti. Karakana zetu haziandiki jina la mti kwenye gunia. Maranda ya siku moja yanaweza kuwa na paina ya Mufindi, mkangazi, mninga na mtarakwa kwa pamoja, na ule mtarakwa ni ndugu wa damu wa *Juniperus virginiana*, na mafuta yake yana sedroli na thujopsini vilevile. Kinachozuia mchwa kwenye nguzo kipo pia kwenye maranda. Muulize fundi alikuwa anaranda nini tangu asubuhi. Kama ni nyekundu na inanukia kama penseli mpya, hiyo peleka kabatini kwenye nguo.

Chekesho ni kwamba nyoka mmoja anayelazwa sana juu ya maranda ya aspeni huko ng'ambo anabeba jina la Kenya. Boa wa mchanga, *Eryx colubrinus*, mfupi, mnene, anapatikana Kenya, Tanzania, Somalia na juu hadi Misri, na kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani anaitwa boa wa mchanga wa Kenya. Kutwa nzima hujifukia, macho yake madogo yakiwa yamekaa karibu na utosi ili achungulie bila kutoa kichwa. Kwake matandiko ni ghorofa zima: chumba, paa na mlango. Wanaomfuga humwekea sentimita kadhaa za aspeni iliyochekechwa vumbi, na yeye huchimba njia zake humo ndani, akingoja panya apite juu.